Kulima Visiwa vya Shetland: Anza na Upepo

Shetland, visiwa vya kaskazini kabisa mwa Scotland, viko kwenye latitudo ya nyuzi 60. Mgeni anayeanza kulima huko huhangaikia baridi, wakati kinachomaliza mazao hasa ni upepo. Mkondo wa bahari ya Atlantiki hupunguza makali ya kipupwe, lakini hakuna shamba lililo mbali na bahari zaidi ya kilomita 5, na dhoruba ikija huja na chumvi. Kagua kabichi baada ya dhoruba: kingo za majani upande wa upepo zimebabuka na kugeuka kahawia, upande wa pili bado kijani.

Kwa hiyo weka kizuizi cha upepo kwanza, mbegu baadaye. Usijenge ukuta usiopitisha hewa kabisa. Upepo huuruka, kisha hushuka nyuma yake kwa kishindo na kuvunja miche uliyodhani umeikinga. Wavu, au mbao zilizoachiana nafasi hata nusu ya kizuizi ikawa wazi, huupunguza nguvu badala ya kuurusha. Kizuizi cha mita 1.5 kinaweza kukinga hadi mita 15 hivi, ingawa nafuu kubwa iko karibu nacho. Panda humo mazao dhaifu zaidi.

Wenyeji walilijua hili zamani. Vilimani bado utaona plantikrabu, vizimba vidogo vya mawe yaliyopangwa bila saruji, vingine vya mviringo, vingine vya mraba. Ni vitalu vya miche ya kabichi ya Shetland, inayolimwa huko tangu karne ya 17. Mbegu husiwa mwishoni mwa kiangazi, miche ikapitisha kipupwe ndani ya mawe, na majira ya kuchipua ikahamishiwa bustanini. Udogo wa kizimba ndio siri yake, kwa kuwa upepo haupati nafasi ya kushuka ndani. Ukipata mbegu ya kabichi hiyo kwa jirani, itunze na uizalishe mwenyewe kila mara. Imezoea hali ya pale kuliko mbegu yoyote ya dukani.

Nyanya zinahitaji kitalu nyumba, kwani hata Julai joto la mchana ni kama nyuzi 14 tu. Kitalu nyumba kilichofunikwa kwa karatasi ya nailoni huchanwa na dhoruba. Ndiyo maana Polycrub, aina ya kitalu nyumba imara, ilibuniwa hapo hapo Shetland: fremu za mabomba yaliyokwisha kutumika kwenye ufugaji wa samaki aina ya salmoni, zikafunikwa kwa polikaboneti ngumu. Bei yake ni kubwa, lakini ukihesabu nailoni utakayonunua tena na tena, naona inalipa.

Kwa mbolea, kusanya mwani unaotupwa ufukweni na dhoruba, uutandaze shambani mapema wakati wa kipupwe ili mvua ioshe chumvi kabla ya kupanda.

Kondoo dume mwachie aingie kwa majike mwishoni mwa Novemba, wana-kondoo wazaliwe mwishoni mwa Aprili majani yanapoanza kuota. Na kabla ya Oktoba kwisha, funga kwa kamba au kandamiza kwa mawe mazito kila kitu kilichoko nje: ndoo, mabati, hata mikokoteni.