Lini Titi Lijengwe Upya: Namna ya Kupanga Wakati Baada ya Upasuaji wa Saratani

Swali la lini titi lijengwe upya liulizwe kabla ya siku ya kuliondoa, hata kama jibu litakuwa kusubiri mwaka mzima au zaidi. Daktari wa upasuaji akijua mapema nia yako, anaweza, pale saratani inaporuhusu, kubakiza sehemu kubwa ya ngozi ya titi na pengine hata chuchu. Ngozi hiyo ikishakatwa hairudi. Kwa hiyo, majibu ya kipimo cha kipande kidogo cha nyama kilichotolewa titini yakishathibitisha saratani, omba kukutana na daktari wa upasuaji na yule wa mionzi, na ikiwezekana na daktari bingwa wa upasuaji rekebishi, kabla hujatia saini fomu ya ridhaa.

Titi laweza kujengwa katika upasuaji uleule wa kuliondoa, au miezi na hata miaka baadaye. Iko pia njia ya kati, ambapo mfuko maalumu wa kupanua ngozi huwekwa siku ya upasuaji ili kutunza nafasi, na uamuzi wa mwisho husubiri ripoti ya maabara kuhusu uvimbe na tezi za kwapani.

Jambo linaloamua kuliko mengine yote ni mionzi. Tiba hiyo hukakamaza ngozi na kudhoofisha mishipa midogo ya damu, na ndiyo maana kipandikizi cha silikoni, yaani mfuko unaowekwa chini ya ngozi kuunda titi, kikipitiwa na mionzi huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzungukwa na kovu gumu linalokibana, likaleta maumivu na kuharibu umbo. Nyama ya mwili wako mwenyewe, inayochukuliwa tumboni au mgongoni, hustahimili vizuri zaidi, ingawa nayo ikipigwa mionzi baada ya kuhamishwa yaweza kusinyaa. Ndiyo sababu madaktari wengi hupendelea mionzi imalizike kwanza, ngozi ipumzike kati ya miezi 6 na 12, kisha titi lijengwe kwa nyama hiyo. Muulize daktari wako moja kwa moja: “Je, kuna uwezekano kwamba nitahitaji mionzi?” Uwezekano huo ni mkubwa ikiwa uvimbe umezidi sentimita 5 au saratani imefika kwenye tezi 4 au zaidi za kwapani. Tanzania na Kenya, ambako wanawake wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshasonga mbele, kusubiri mara nyingi ndio ushauri wa busara, na mwanamke anayeambiwa asubiri asidhani kwamba amenyimwa haki yake.

Fikiria pia dawa za kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani. Zikipangwa kufuata upasuaji, kwa kawaida huanza wiki 4 hadi 6 baadaye, kidonda kikishapona. Ujenzi wa papo hapo hurefusha upasuaji na kuongeza uwezekano wa kidonda kuoza au kuchelewa kufunga, na kuchelewesha kemo kupita siku 90 kumehusishwa na matokeo mabaya zaidi ya tiba. Hapa sioni nafasi ya kusitasita: tiba ya saratani itangulie, umbo lifuate. Kwa ile saratani ya titi inayokuja na wekundu na uvimbe wa ngozi ya titi, ushauri wa kawaida ni kutojenga titi siku hiyohiyo.

Hali ya mwili nayo ina neno lake. Anayevuta sigara aache angalau wiki 4 kabla, na mwenye kisukari ahakikishe sukari imetulia. Anayetumia tamoksifeni, dawa ya homoni ya saratani ya titi, amweleze daktari, kwa kuwa dawa hiyo huongeza hatari ya damu kuganda. Asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Ujenzi wa baadaye hauna tarehe ya mwisho, na mwanamke anaweza kuurudia uamuzi huu hata baada ya miaka 10. Wakati wa kusubiri, titi la bandia la pamba laini linaweza kuvaliwa ndani ya sidiria wiki za mwanzo, na la silikoni kidonda kikishapona kabisa. Wapo wanaoridhika nalo na kuishia hapo, na huo ni uamuzi kamili.

Kuhusu gharama, iulize bima yako, na utake jibu la maandishi, kama inalipia hatua zote, kwa maana titi halikamiliki kwa upasuaji mmoja: chuchu hutengenezwa miezi kadhaa baadaye, na titi la pili huenda likahitaji kusawazishwa. Marekani, sheria ya mwaka 1998 inazitaka bima nyingi zinazolipia kuondolewa kwa titi zilipie pia hatua hizo.

Ukichagua kusubiri, usiondoke hospitali bila nakala za ripoti ya upasuaji na ya maabara, na baada ya mionzi uombe maelezo ya kiasi ulichopewa na sehemu zilizopigwa, kwa sababu daktari atakayekujengea titi miaka ijayo, pengine katika mji mwingine, atavihitaji vyote kabla ya kuchagua nyama ya kutumia.