Kijana mwenye mguu kifundo: kumfikisha kwenye upasuaji na kumvusha salama

Kijana aliyekua na mguu kifundo (wayo uliopinda kwa ndani tangu kuzaliwa) bila matibabu hukanyagia ubavu wa wayo, na ngozi ya hapo huota sugu nene, wakati mwingine kidonda. Mwombee rufaa kwa daktari bingwa wa mifupa. Eksirei ipigwe akiwa amesimama, uzito ukiwa mguuni, maana eksirei ya kulala huficha ukubwa wa mpindo. Mgongo nao ukaguliwe: kishungi cha nywele kiunoni au wayo usiohisi huweza kuonyesha kuwa chanzo ni mishipa ya fahamu, na hapo mpango wa tiba hubadilika.

Uliza kwanza kama plasta ngumu (hogo) za kubadilishwa kila wiki, kwa njia ya Ponseti, bado zinafaa. Hata mtoto wa miaka 10 huweza kunyooshwa vizuri hivyo, upasuaji ukabaki wa kukata au kuhamisha kano tu. Mguu uliokakamaa huhitaji kukatwa mfupa, kuunganishwa viungo, au kuvishwa fremu ya vyuma inayonyoosha kidogo kidogo, kama milimita 1 kwa siku. Ngozi na mishipa ya damu ya upande wa ndani ilishafupika, haivumilii kunyooshwa kwa mkupuo. Kijana aelezwe waziwazi kabla ya kukubali: viungo vikiunganishwa, wayo utakaa sawa chini lakini hautacheza kama mwingine.

Wengi huchangisha hela ya upasuaji peke yake, na hapo ndipo mambo huharibika. Omba hospitali ikuandikie gharama zote: vyuma, kubadilisha plasta, fiziotherapia, magongo, viatu maalumu. Ongeza nauli za kliniki za miezi kadhaa. Akikosa kliniki na kifaa cha kushikilia mguu, mpindo huweza kurudi.

Kidonda cha wayo kipone kabla. Kama anavuta sigara, aache. Huchelewesha mfupa kuunga.

Baada ya upasuaji, mguu uinuliwe kuzidi usawa wa moyo, na plasta isilowe. Bonyeza ukucha wa kidole gumba, uachie: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Vidole vikiwa baridi au vyenye ganzi, au maumivu yakizidi licha ya dawa, hasa ukivinyoosha, mrudishe hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane, plasta ipasuliwe. Misuli iliyobanwa hufa ndani ya saa chache.