Kabla ya Upasuaji wa Kurejesha Titi: Nyumba Iandaliwe Mapema

Wiki moja kabla dada yangu hajalazwa, tulimfunga viwiko kwa kanga. Tuliizungusha kiwiliwili, juu kidogo ya kiuno, mikono ikashikana na mbavu, viganja tu vikabaki huru. Kisha tukamwambia: haya dada, fanya kazi zako za asubuhi. Hakufika mbali. Komeo la mlango wa chumba chake liko usawa wa paji la uso. Chandarua kilikuwa kimepigwa fundo juu ya kitanda. Kopo la majani ya chai liko rafu ya juu, sufuria iko chini kabisa, na maji yamo kwenye mtungi wa lita 20 ambao hata kuuinamisha ni kazi ya mikono miwili. Akarudi kitandani, akakaa, akasema, "Kumbe nyumba hii yote inasimama kwa mikono yangu."

Mwanamke aliyerejeshewa titi baada ya saratani harudi nyumbani akiwa hoi. Anarudi akitembea, anaitikia salamu, anaomba chai, na watu wa nyumbani wakimwona hivyo wanasahau kwamba mikono yake bado haijapewa ruhusa. Kwa kawaida, wiki 4 hadi 6 za mwanzo hatakiwi kuinua kitu kinachozidi kilo 2 au 3, wala kusukuma, wala kuvuta kwa nguvu, wala kupandisha viwiko juu ya mabega, mpaka daktari amfungulie hatua kwa hatua. Mtungi uliojaa ni kilo 20. Mtoto wa mwaka mmoja hukaribia 10. Kukuna nazi kwenye mbuzi, kukamua tui, kusukuma chapati, kufua kwa mkono: zote hizo ni kazi za misuli ya kifua. Fanyeni jaribio la kanga nyumbani kwenu, na kila kitu atakachokwama nacho kihamishwe kati ya kiuno na kifua. Jaribio hilo ni la asubuhi moja tu, kabla ya upasuaji. Baada ya upasuaji mkono usifungwe wala usilazwe kabisa, kwa sababu bega litakakamaa; atafundishwa mazoezi madogo, na hayo ayafanye kama alivyoelekezwa.

Mengine yote yanategemea aina ya upasuaji, kwa hivyo muulize daktari mpaka uelewe. Kuna wanaowekewa puto chini ya ngozi au misuli ya kifua, likajazwa maji ya chumvi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, halafu likabadilishwa na titi la silikoni. Kuna wanaohamishiwa nyama na mafuta kutoka tumboni, na wengine kutoka mgongoni. Anayetolewa nyama tumboni ana majeraha mawili ya kuuguza, kifua na tumbo, na siku za mwanzo hutembea ameinama kidogo kwa sababu ngozi ya tumbo imevutwa. Dada yangu alikuwa wa tumbo. Kama mmepanga kwa kifua peke yake, mtashtuka.

Malipo myamalize mapema. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali ya Kenya, ilichukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, na hospitali yenyewe ndiyo itakayowaambia kinacholipiwa na kinachohitaji kibali kabla ya siku ya upasuaji. Msiliache hili hadi asubuhi ya kulazwa.

Nguo sasa. Dera ndiyo nguo ya nyumbani ya wanawake wengi hapa Mombasa, na ndiyo inayomponza mgonjwa huyu, kwa sababu huvaliwa kwa kupitishwa kichwani na mikono lazima ipande. Tulipeleka madera matatu kwa fundi, akayapasua mbele mpaka chini, akatia vifungo vikubwa na mifuko miwili kwa ndani, usawa wa kiuno. Buibui pia liwe la kufungua mbele. Sidiria usinunue kwa kukisia. Nyingine za waya huminya pale damu inapopita kuilisha nyama iliyohamishwa, na madaktari wengine hawataki sidiria yoyote siku za kwanza. Subiri uambiwe.

Ile mifuko ya ndani ni ya chupa. Mgonjwa hutoka hospitalini akiwa na mirija miembamba iliyoshonewa ngozini, kila mmoja na kichupa laini mwishoni kinachovuta maji ya jeraha. Hukaa nayo wiki moja, mbili, wakati mwingine tatu. Hili ndilo lililotutisha kuliko yote, na ndilo tulilolizoea upesi kuliko yote, kwa sababu nesi alimfundisha mpwa wangu kabla hawajatoka wodini. Ombeni mfundishwe kwa vitendo, na anayefundishwa awe ndiye atakayelala naye nyumbani.

Kazi yenyewe iko hivi. Unanawa mikono kwa sabuni. Kwa vidole vya mkono mmoja unaubana mrija karibu na ngozi ili usivutike, na kwa vidole vya mkono wa pili unaukamua taratibu kushuka chini, ili mabonge madogo ya damu yaingie kwenye chupa yasizibe njia. Unafungua kizibo, unamimina maji kwenye kikombe chenye alama za mililita, unasoma, unaandika. Kisha unakiminya kichupa mpaka kibonyee, na kikiwa bado kimebonyea unafunga kizibo. Kikifungwa kimejaa hewa, hakivuti kitu. Asubuhi na jioni, saa zile zile, kila mrija na hesabu yake. Daftari la mpwa wangu lilikuwa na safu nne: tarehe, saa, mililita, rangi. Siku za kwanza rangi ni nyekundu, kisha inakuwa ya waridi, kisha inafanana na chai ya rangi iliyozimuliwa. Mrija hutolewa maji yakishapungua, mara nyingi yakiwa chini ya mililita 30 kwa saa 24 kwa siku mbili mfululizo, na daktari hataamua kwa kukisia. Ataliomba daftari.

Kitanda kiwe cha kukaa na kutua miguu sakafuni bila kuruka. Samadari ya juu haifai kwa wiki hizi. Atalala chali, kifua kimeinuliwa kwa mito mitatu au minne, na aliyetolewa nyama tumboni awekewe mto mwingine chini ya magoti ili tumbo lisivutike. Chandarua kifungwe na kufunguliwa na mtu mwingine, jioni na alfajiri. Feni ya kusimama ielekezwe miguuni, na swichi yake iwe karibu. Kama tarehe ya upasuaji inaweza kuchaguliwa bila kuchelewesha matibabu ya saratani, miezi ya kusi ni rahisi kuliko Januari na Februari, kaskazi likiwa limekolea na bendeji inalowa jasho kabla ya saa nne. Lakini tiba haingojei upepo.

Choo cha kuchuchumaa nilikuwa sijakifikiria hata kidogo. Mtu mwenye mshono wa tumbo, kutoka nyonga hadi nyonga, hawezi kuchuchumaa na kuinuka bila kujivuta na mikono, na mikono ndiyo hiyo iliyokatazwa. Tukatafuta kiti cha chooni cha kuazima. Fundi seremala anaweza kutoboa kiti imara cha mbao. Kiti cha plastiki chepesi kisitumike, kinateleza. Bafuni wekeni kiti kingine cha kukalia, ndoo juu ya stuli, na kopo dogo. Mpaka daktari aruhusu kulowesha mshono, ni kupangusa mwili kwa kitambaa.

Nije kwenye jambo lililonifanya nizozane na watu ninaowapenda. Sisi tunajua kuuguza. Mzazi anakandwa kwa maji moto, anafungwa mkaja, anafukizwa, na mama zetu wameyafanya hayo vizazi kwa vizazi kwa mapenzi matupu. Shangazi yetu alikuja siku ya nne na majani ya mwarobaini na sufuria ya maji yanayotoa moshi. Ilibidi nimkalishe nimweleze: shangazi, titi hili halina hisia. Mishipa ya fahamu imekatwa, ngozi ikiungua yeye hatajua mpaka aone malengelenge. Wanawake wameungua kwa chupa za maji moto walizowekewa kwa nia njema. Kwa hivyo hakuna kukanda, si kwa maji moto wala kwa barafu, bila idhini ya daktari. Mkaja pia hapana, kwa sababu tumbo lina mkanda wake maalumu kama daktari ameuagiza, na kifuani chochote kinachobana kinaweza kuinyima damu ile nyama mpya. Liwa, manjano, asali, habasoda, mafuta ya nazi, visiguse mshono. Zungumzeni na wazee kabla ya siku yenyewe, na mpeni kila mmoja kazi yake. Shangazi tulimwachia miguu. Alimsugua nyayo kila jioni, na wote wawili walifurahi.

Ubani na udi pia wekeni mbali na chumba. Mgonjwa akikohoa, mshono wote unamjibu. Awe na mto mdogo wa kukumbatia kifuani au tumboni kila anapokohoa, kucheka au kuinuka. Sigara na shisha mwenyewe aache angalau wiki 4 kabla na asirudie, kwa sababu nikotini hukaza mishipa midogo ya damu na nyama iliyohamishwa inaweza kufa. Mume au kaka anayevuta avutie nje. Dawa zote anazotumia, zikiwemo aspirini, vidonge vya kitunguu saumu na mafuta ya samaki, zitajwe kwa daktari mapema, maana zipo zinazozidisha kutoka damu. Mwenye kisukari sukari yake itulizwe kabla.

Wageni watakuja tu, na kumtazama mgonjwa ni wajibu. Tulitenga baada ya alasiri hadi magharibi, na mtu mmoja wa nyumbani alikaa mlangoni kusema kwa adabu: salamu kwa mkono wa upande ule mzima, bibi hakumbatiwi. Watoto walitandikiwa mkeka miguuni mwa kitanda, wakae pale. Anayeuliza alete nini, mwambieni alete maji. Mifereji ya mji huu wakazi wake wenyewe wanaijua. Jazeni mapipa kabla, na patana na mwenye mkokoteni siku za kuleta, ili mgonjwa asije akajikuta peke yake na mtungi mtupu. Wengine walete samaki wa kuchoma, pojo, kunde, mayai, kwa sababu kidonda kinataka protini. Dawa kali za maumivu hufunga choo, na kujikamua na mshono wa tumbo ni adhabu: papai, ukwaju na maji mengi tangu siku ya kwanza. Dawa zenyewe apewe kwa saa zake, msingoje aanze kulia. Swala ataswali amekaa.

Kuhusu safari ya kurudi nyumbani, anayekaa Likoni, ng'ambo ya feri, avuke ndani ya gari, si kwa miguu katika msongamano wa kushuka kivukoni jioni. Tuktuk ina mtikisiko mwingi, bodaboda haifai kabisa. Aliyepasuliwa Nairobi amuulize daktari lini anaweza kusafiri, na akija kwa treni ya SGR aombe kiti cha magurudumu, kwa sababu kutoka behewani hadi kwenye gari pale stesheni ya Miritini ni mwendo, na kila mara aamke anyooshe miguu ili damu isigande.

Andikeni namba ya wodi na ya daktari ukutani, kwa maandishi makubwa. Piga simu kwa homa ya nyuzi 38 au zaidi, wekundu unaotambaa, usaha, harufu, au mrija uliojaa damu mbichi ghafla. Titi lililogeuka rangi likawa bluu, jeusi au jeupe, likavimba kwa kasi au likapoa kuliko sehemu nyingine ya kifua, msingoje asubuhi. Ni saa, si siku. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika, nendeni hospitali iliyo karibu, hata kama si ile iliyompasua. Na kama tezi za kwapani zilitolewa, mwambieni kila nesi kwamba mkono wa upande huo haupimwi presha wala kutolewa damu pakiwa na mkono mwingine.

Kuna kioo pia. Titi jipya siku za mwanzo limevimba, lina michubuko, huenda halina chuchu, kwa sababu chuchu mara nyingi hutengenezwa miezi kadhaa baadaye. Muulizeni yeye mwenyewe, kabla, anataka kujiona lini na nani awe naye. Dada yangu alitaka kioo cha kabati kifunikwe. Tulitundika kanga, tukaibana na vibanio usawa wa kifua chake, si juu, ili siku atakayotaka aishushe mwenyewe bila kumwita mtu. Ilikuwa siku ya tisa, sisi tukiwa jikoni.