Kabla Hujaanza Somo la Maikrokontrola Chuoni

Kama muhula ujao una somo la maikrokontrola (kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja) na mifumo iliyopachikwa (vifaa vinavyoendeshwa na chipu hizo kwa ndani), tumia wiki mbili tatu za likizo kujiandaa. Wengi wetu tuliingia darasani tukijua kuandika programu za kompyuta, na bado tulikwama maabara. Kitu kikigoma, hatukujua tuanze kukagua waya au msimbo. Hilo ndilo la kujiandaa nalo.

Anza na lugha ya C. Jizoeze namba za msingi wa mbili na wa kumi na sita, vielekezi (pointers), na hasa kuwasha biti moja bila kugusa jirani zake. Kwenye Arduino Uno, bodi ya kujifunzia yenye maikrokontrola, taa ndogo ya kwenye bodi iko pini namba 13, ambayo ndani ya chipu ya ATmega328P ni biti namba 5 ya bandari B, kundi la biti linaloitwa PORTB kwenye msimbo. Pini ikiwa imeshawekwa kuwa ya kutoa, PORTB |= (1 << 5) inawasha taa na kuziacha biti nyingine saba zilivyo. Ukisahau kile kimstari (|) na kuandika PORTB = (1 << 5), umezizima zote saba, hata ile iliyokuwa ikiendesha mota.

Zoea pia ufinyu wa nafasi. Chipu hiyo ina kilobaiti 32 za kuhifadhi programu na kilobaiti 2 tu za RAM, na int yake (aina ya namba nzima) ya biti 16 inakomea 32,767. Niliwahi kuandika delay(60 * 1000), yaani subiri milisekunde 60,000, nikitaka taa isubiri dakika moja. Ikazimika, haikuwaka tena. Nikabadilisha taa, nikabadilisha waya, nikaazima hata bodi ya mwenzangu. Kumbe 60,000 haienei kwenye biti 16: inageuka hasi 5,536, na delay, ambayo haijui namba hasi, inaipokea kama milisekunde zaidi ya bilioni 4, yaani siku 49 na ushei. Nilipoandika 60UL * 1000 (UL huifanya namba iwe ya biti 32 isiyo na hasi) taa ikatii. Jioni nzima ilikuwa imekwenda kwenye waya ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Upande wa umeme, kanuni ya Ohm (volti = ampea × omu) iwe mkononi. Taa nyekundu ya LED hula takriban volti 2. Kwenye bodi ya volti 5 zinabaki 3, na rizista (kipunguza mkondo) ya omu 220 itapitisha miliampea 14 hivi. Pini ya chipu hii ina kikomo cha miliampea 40, nacho ni kikomo cha kuungua, kwa hiyo usipite 20. Ukihamia ESP32, maikrokontrola nyingine, kumbuka pini zake ni za volti 3.3. Kihisi cha umbali cha HC-SR04 kinarudisha volti 5, kwa hiyo weka rizista mbili za kugawanya umeme, ya kilo-omu 1 na ya kilo-omu 2, kabla hujaunganisha.

Vifaa utavipata Kariakoo, au Luthuli Avenue kama uko Nairobi. Ushauri wangu: nunua multimita (kipima umeme) kabla ya kununua bodi ya pili. Kebo ya USB ijaribu kwanza, maana nyingine zinachaji tu, hazipitishi data. Taa ya bodi inawaka vizuri na kompyuta haioni kitu. Bodi nyingi za bei nafuu zinatumia chipu ya CH340 kuwasiliana na kompyuta kwa USB, basi pakua draiva yake mapema ukiwa na intaneti. Bredibodi (vibao vya kuchomeka waya bila kulehemu) nazo zina mtego: kwenye baadhi yake, mstari wa umeme wa pembeni umekatika katikati. Pima kwa multimita.

Datashiti, yaani waraka wa maelezo ya chipu, isikutishe kwa mamia ya kurasa zake. Jua mchoro wa pini uko wapi, jedwali la vikomo vya umeme, na majedwali ya rejista (sehemu za kumbukumbu kama PORTB zinazoendesha chipu). Mengine utayafuata yakihitajika.

Kisha, kabla ya kipindi cha kwanza, fanya zoezi moja: kitufe kimoja, taa moja, na hesabu ya mibonyezo inayoonekana kwenye skrini. Usipowasha rizista ya ndani kwa INPUT_PULLUP, pini itaelea na kusoma 0 na 1 ovyo, hata kwa kusogeza mkono karibu. Ukishaiwasha, huenda ukabonyeza mara moja na bado ukahesabiwa mara tatu, kwa sababu vyuma vya kitufe hudundadunda kabla ya kutulia. Subiri milisekunde 20 hivi, isome pini tena, ndipo uongeze hesabu. Bonyeza mara hamsini. Skrini ikisema 50, hifadhi msimbo huo. Utauhitaji kwenye kila mradi wenye kitufe.