Kukagua fleti ya ghorofani Posta, katikati ya Dar es Salaam, kabla ya kusaini kuinunua

Usikubali kupelekwa saa nne asubuhi. Saa hizo watu wako kazini, maji yana nguvu na lifti inakusubiri mlangoni. Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati jengo zima linaoga. Beba ndoo ya lita 10, sarafu, na geji ya presha yenye nati ya robo tatu inchi.

Anza na bomba la mvua. Lifungue lote, kinga ndoo, hesabu. Ikijaa ndani ya dakika moja, safi. Ikipita mbili, utaoga kwa kuvizia. Kila mita 10 za kimo huongeza presha kwa baa 1 hivi, ndiyo maana fleti iliyo chini tu ya tangi la paani hupata maji ya kudondoka kama haina pampu yake, huku ile iliyo ghorofa 15 chini ya tangi hilohilo ikipigwa na baa 4 na ushee. Bila vali ya kupunguza presha, mipira ya kupeleka maji chooni hupasuka. Funga geji kwenye bomba la mashine ya kufulia: baa 2 hadi 3 zinatosha. Kisha uliza kama pampu iko kwenye jenereta. Muulize mlinzi wa zamu, si dalali.

Ukisikia harufu bafuni, mwaga lita moja kwenye kila tundu la sakafu. Bomba la chini limepinda ili libakize maji ya kuzuia hewa chafu, na fleti ikikaa tupu hukauka. Harufu ikikata, yameisha. Lakini sinki likigugumia kila jirani wa juu anapovuta maji ya choo, bomba la kupumulia ni dogo au halipo, na maji yanayoshuka yananyonya yale ya kwenye kona. Hapo ubovu ni wa jengo, hakuna fundi bomba atakayeumaliza ndani kwako.

Marumaru zigonge na sarafu. Zinazolia utupu zitabanduka. Roshani inayotazama bahari kagua pale chuma cha ukingo kinapoingia kwenye zege: chumvi huanzia hapo, na kwenye mapezi ya AC ya nje.

Shuka kwa ngazi. Milango ya kuzuia moto ijifunge yenyewe. Mingi utaikuta imewekewa tofali ibaki wazi.

Upande wa karatasi, sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inaruhusu kila fleti kuwa na hati yake. Dai kuiona hiyo, si nakala ya hati ya kiwanja, pamoja na risiti za ada ya huduma za muuzaji.

Mwisho, nunua umeme kidogo kwa namba ya mita ya fleti hiyo. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla), kwa hiyo kama muuzaji ana deni la miezi ya nyuma, litaonekana kwenye risiti.