Jinsi ya kuweka lebo kwenye sampuli za udongo zisichanganyike shambani

Mfuko ukibeba lebo ya kipande kingine cha shamba, maabara haina jinsi ya kugundua. Itapima udongo vizuri tu, itatoa pH (kipimo cha uchachu wa udongo) sahihi, kisha chokaa imwagwe mahali pasipohitaji. Mara nyingi kosa hutokea shambani, katika dakika chache za kutoa udongo kwenye ndoo na kuutia mfukoni.

1. Tunga alama fupi. Mfano: B4-J-07, yaani kipande B4, udongo wa juu (sentimita 0 hadi 20), sampuli ya 7. Udongo wa chini (20 hadi 40) uwe C. Namba ya mwisho isirudiwe kazi nzima, hata ukihamia kipande kingine. Sehemu nyingine zikifutika, namba hiyo peke yake inatosha kukupeleka kwenye mstari wake daftarini. Epuka herufi O na I, husomwa kama 0 na 1. Tarehe ianze na mwaka: 2025-04-03. Ukiandika 03/04, mmoja atasoma Aprili, mwingine Machi.

2. Andaa lebo mbili kwa kila mfuko. Ya nje andika kwa maka peni, mfuko ukiwa mtupu, mkavu na umelazwa juu ya ubao. Wino ukikaa juu ya vumbi hubanduka pamoja nalo. Ukitumia makopo, andika ubavuni. Kifuniko hakifai, kwani makopo matatu yakifunguliwa pamoja vifuniko huhama. Lebo ya ndani iwe karatasi nene iliyoandikwa kwa penseli, ndani ya kimfuko chake cha plastiki. Wino wa kalamu ya kawaida husambaa ukilowa; penseli haisambai.

Kuandika alama nzima nyumbani kunaonekana kuokoa muda, lakini kuna mtego. Mkiruka kipande kimoja kwa sababu ya maji au mazao, mikono huendelea kuchukua mfuko unaofuata, na kuanzia hapo kila lebo imesogea nafasi moja. Nyumbani andika namba ya mfululizo tu. Kipande na kina viandikwe mkiwa mmesimama papo hapo.

3. Weka alama ndoo pia. Hapa ndipo wengi husahau. Ukichukua kina viwili unahitaji ndoo mbili, moja J na nyingine C, zilizoandikwa kwa herufi kubwa ubavuni. Ziwe za plastiki. Ndoo ya mabati huharibu kipimo cha zinki.

4. Funga mfuko mmoja kabla ya kufungua mwingine. Kusanya vichomo 15 hadi 20 (udongo unaotoka kila unapochoma chombo ardhini) kutoka kipande chote, changanya ndooni, tia takriban gramu 500 mfukoni. Anayejaza asome alama kwa sauti kutoka kwenye mfuko. Mwenye daftari airudie huku akiandika, pamoja na mahali na saa. Piga picha ya mfuko, alama ikionekana, kabla hamjasogea. Udongo uliobaki umwagwe na ndoo ipanguswe.

5. Hesabu kabla ya kuondoka. Idadi ya mifuko ilingane na mistari ya daftari. Isipolingana, na picha zisipotatua tofauti hiyo, chukua upya sampuli zenye shaka mkiwa bado shambani. Kukisia kwa rangi ya udongo hakukubaliki, kwani rangi hubadilika ukikauka.

6. Wakati wa kukausha, lebo ya ndani ihame pamoja na udongo hadi kwenye sinia, na sinia moja ibebe sampuli moja. Vikopo vya kupimia unyevu vina shida yao: oveni ya nyuzi 105 hubandua stika. Chonga namba ileile kwenye kikopo na kifuniko chake. Kikopo kitupu hupimwa uzito pamoja na kifuniko chake, kwa hiyo vifuniko vikibadilishana, hesabu ya unyevu hupotoka hata kama udongo wenyewe haukuhama.