Nafasi ya utafiti baada ya uzamivu Ujerumani: kusoma tangazo hadi kusaini mkataba

Anza na mstari wa mshahara. "E 13 TV-L, 100%" ni ajira kamili katika ngazi ya 13 ya mishahara ya watumishi wa majimbo (TV-L ni mkataba wao wa pamoja wa mishahara; jimbo la Hessen hutumia wake, TV-H). Ukiona 50% au 65%, mshahara nao unashuka vivyo hivyo, na mara nyingi nafasi hiyo imekusudiwa mwanafunzi wa uzamivu. "Befristet" ni mkataba wa muda. "Vorbehaltlich der Mittelbewilligung" ni onyo: fedha za mradi bado hazijaidhinishwa, kwa hiyo usiache kazi uliyo nayo. Na tangazo likisema "Stipendium", hiyo si ajira. Hakuna michango ya pensheni, na bima ya afya ni juu yako.

Maombi hutumwa kama faili moja la PDF: barua, wasifu, orodha ya machapisho, vyeti, na mawasiliano ya wadhamini wawili. Namba ya tangazo, iitwayo "Kennziffer", iandike kwenye kichwa cha barua pepe, la sivyo barua yako inaweza kupotelea kwenye rundo la nafasi nyingine. Kama umeshatetea tasnifu lakini cheti hakijatoka, omba chuo chako barua inayosema umetimiza masharti yote.

Barua ndiyo inayoangusha wengi. "Mimi ni mchapakazi na ninapenda utafiti" haimwambii profesa kitu. Linganisha na hii: "Mradi wenu unapima metani kwenye ardhi oevu, kwa miezi 14 nimepima metani kwenye mafunjo ya Yala kwa vyombo vilivyofungwa, na data nimeichambua mwenyewe kwa R." Sentensi moja, naye anajua utaanza kazi na nini.

Mapema, tafuta chuo chako kwenye anabin, hifadhidata ya Ujerumani ya vyuo na shahada za nje. Alama H+ inamaanisha kinatambuliwa. Shahada yako isipopatikana humo, huenda ukatakiwa tathmini kutoka ZAB, ofisi ya Bonn inayotathmini shahada za nje, nayo huchukua muda.

Ukishapewa nafasi, usikimbilie kusaini. Ndani ya E 13 kuna vidato, "Stufen", na kidato hutegemea uzoefu unaoweza kuuthibitisha. Peleka barua za waajiri zenye tarehe ya kuanza na kumaliza, kiwango cha ajira na majukumu. Ile barua yetu ya "alikuwa mtumishi mwaminifu" haisaidii hapa. Dai kidato kabla ya kusaini. Baadaye ni vigumu mno kukibadilisha.

Kwa viza, omba chuo kikupe "Aufnahmevereinbarung", mkataba wa kukupokea kama mtafiti, kisha tafuta miadi ubalozini Nairobi au Dar es Salaam mara moja. Mwanzo wa kazi unaweza kusogezwa, lakini foleni ya miadi haisogei kwa ajili yako.

Ukifika, jiandikishe makazi ndani ya wiki mbili ukiwa na fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba. Usipojiandikisha hupati namba ya kodi, na mwajiri anaweza kukukata kodi kwa daraja la VI, lililo kali kuliko yote.

Kuna pia VBL, pensheni ya ziada inayohitaji miezi 60 ya michango. Mtafiti wa mkataba mfupi usiofikia muda huo anaweza kuomba asiingizwe, na mwajiri akamchangia kwenye mpango wa hiari. Ombi hilo ni la maandishi, ndani ya miezi miwili tangu kuanza kazi.